Aliyevua Miwani Kabla ya Kupakia

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakia faili, Mama Sekretari alikuwa anavua miwani. Aliikunja, akaiweka juu ya karatasi zake, akashusha pumzi, ndipo kidole kikashuka. Wiki yangu ya kwanza kazini nilimuuliza kwa nini anavua kitu cha kumsaidia kuona wakati ule ule anaotaka kuona. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga macho akiomba.

"Kama mpaka saa hii bado nahitaji kuona," akasema, "basi sijamaliza kusoma."

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja pale Sosiot, juu ya duka la dawa za mifugo. Meza mbili, kompyuta mbili, na dirisha lililotazama kituo cha kununulia majani chai. Kazi yetu ilikuwa kutafsiri maelezo ya programu ya simu iliyotengenezwa Nairobi kwa ajili ya wafugaji: ndama anyweshwe maziwa kiasi gani, ng'ombe akikohoa ufanye nini, dawa hii hutumikaje. Mama Sekretari aliandika Kipsigis. Mimi, mtoto wa watu wa ziwa niliyezaliwa kwenye nyumba za kampuni ya chai, niliandika Kiswahili. Kiingereza na Kifaransa cha programu ile kilijipeleka chenyewe kutoka mtambo hadi mtambo. Lugha zetu mbili hakuna aliyekuwa amezitengenezea njia, kwa hiyo tulizipeleka kwa mkono: pakua faili, jaza safu ya kulia, ingia kwenye tovuti yao, chagua lugha kwenye orodha, chagua faili, pakia. Ni kazi ya dakika mbili. Yeye aliifanya kwa saa mbili, na mimi nilichukia kila dakika yake.

Jina la Sekretari alilileta kutoka kiwanda cha chai cha Mogogosiek, alikopiga taipu miaka mingi mpaka mashine za taipu zikatupwa stoo. Kompyuta zilipoingia, wenzake wa rika lake walienda nyumbani. Yeye alibaki, akajifunza kwa kumtazama karani mmoja kijana kwa wiki tatu bila kumwuliza swali hata moja. Alipostaafu alikuja kwetu na tabia zote za taipu. Alipiga vitufe vya kompyuta kwa nguvu, kana kwamba kuna utepe wa wino unaongoja chini, na tulinunua kibodi mpya kila mara alipong'oa herufi kwenye ile ya zamani.

Alikuwa na makosa yake, nisije nikamfanya malaika. Alinikataza kula karibu na kompyuta, lakini chupa yake ya chai ilikaa kando ya kibodi siku nzima, tena bila kifuniko. Alinifundisha kwamba neno la siri halionyeshwi mtu, na lake lilikuwa limeandikwa kwa penseli nyuma ya kitabu cha nyimbo za kanisa, mahali ambapo kwaya nzima ingeweza kulisoma. Hakupenda kuharakishwa, lakini yeye mwenyewe alitembea mbio, na ukitembea naye barabarani ulijikuta unazungumza na mgongo wake. Nikimwambia haraka haraka haina baraka, alinikatiza: "Hata polepole ina makosa. Tofauti ni kwamba unayaona yakikuja."

Meneja wa Nairobi hatukuwahi kumwona. Alikuwa sauti tu ya kijana mchangamfu kwenye simu, sauti ya mtu ambaye kila kitu kwake ni chepesi.

"Mama, pakia tu, kama kuna kosa tutarekebisha kesho."

"Na yule atafungua leo?" Mama Sekretari alijibu. "Yeye tutamrekebisha lini?"

Mtambo ulipopokea faili uliandika neno la kijani: Imefanikiwa. Mimi nililiona neno hilo nikanyoosha miguu. Yeye hakuliamini. Kule kwenye kituo cha majani alikuwa amewaona wakulima wakirudishwa na magunia yao, majani ya kijani kabisa lakini yamekomaa, hayafai. "Kijani si jibu," alisema. Kwake, faili ilikuwa bado njiani mpaka aione kwenye simu ya mtu asiyehusika na ofisi. Basi kila baada ya kupakia alishuka ngazi, akaenda kwa mama muuza vitunguu pale sokoni, akamwomba simu, akafungua programu, akasoma. Mama wa vitunguu alishazoea. Akimwona anakuja tu, alipangusa kioo cha simu kwa leso.

Sasa nieleze jinsi tulivyosoma, kwa sababu kila kitu kiko hapo.

Tulisoma kwa kuitikiana. Aliichukua desturi hiyo kanisani kwao, ambako kiongozi husoma mstari na waumini hujibu mstari unaofuata. Yeye alishika karatasi yenye namba na majina ya vitu kama vilivyo kwenye programu. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta na faili ya tafsiri. Alitaja namba na jina, mimi nilisoma kilichoandikwa kwenye mstari wa namba hiyo, yeye akatia alama.

"Sita. Ndama wa siku moja."

"Mpe maziwa ya kwanza ya mama yake kabla ya saa sita kupita tangu azaliwe."

"Saba. Kiwele kimevimba."

"Kamua titi lenye shida mwisho, umwite daktari wa mifugo."

Sauti yake ilikuwa ya ibada kweli, na mara moja mwenye duka la chini alipanda ngazi kofia mkononi, akidhani tuna maombi. Tulicheka siku nzima. Faili moja tuliisoma hivyo mara tatu au nne kabla ya kupakiwa. Mtu yeyote aliyekulia kanisani anajua kinachotokea ukiitikia kitu kile kile mara nyingi. Mdomo hujifunza. Kitabu kinaweza kuwa kimefungwa na bado unajibu vizuri.

Ijumaa ile tulikuwa na faili ya dawa. Wiki moja kabla, mama mmoja mjane wa Mulot alipiga simu ofisini, nami ndiye niliyepokea. Mumewe ndiye alikuwa akishughulikia ng'ombe, na sasa mumewe hayupo.

"Nimenunua dawa ya kupe," alisema, "lakini maandishi ya chupa ni Kiingereza, tena kidogo kidogo. Kipsigis cha kuandikwa nacho kinanichosha macho, mimi nilisoma Kiswahili shule. Sitaigusa hiyo dawa mpaka simu iniambie."

"Ijumaa itakuwa imefika, mama. Wewe fuata tu vile imeandikwa."

"Basi Jumamosi asubuhi nitafungua. Kongoi, asante, kijana."

Niliandika jina lake kwenye kidaftari cha simu. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Siku hiyo ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, niliifungua faili ya Kiswahili peke yangu na kuona mstari mmoja mtupu katikati. Ulinikera kama pengo la jino. Nikaufuta. Sikujua kwamba mstari ule ulikuwa unashikilia nafasi ya kichwa ambacho hatukuwa tumekitafsiri. Majina ya dawa na picha za chupa yalikuwa ndani ya programu yenyewe, sisi tulileta maelezo tu, na mtambo haukujua maana. Ulihesabu mistari: wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Nilipofuta ule mtupu, kila mstari wa chini yake ulipanda ngazi moja. Maelezo ya dawa ya minyoo, ambayo ng'ombe hunyweshwa, yakapanda yakakaa kwenye picha ya dawa ya kupe, ambayo ni sumu.

Kusoma kungelionyesha kosa hilo mara moja. Ndiyo maana tulikuwa tunasoma.

Lakini ilikuwa mara ya nne kuisoma faili ile. Meneja wa Nairobi alikuwa ameshapiga simu mara tatu tangu asubuhi. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mashamba ya chai, lile zito la kila alasiri, na mimi nilikuwa na mechi ya kutazama Kericho. Mama Sekretari alishika karatasi.

"Kumi na nne. Dawa ya kupe."

Nilikuwa natazama dirishani. "Changanya na maji kwenye pampu, vaa glavu, nyunyizia mwili wote. Usimnyweshe ng'ombe."

"Kumi na tano. Dawa ya minyoo."

"Mnyweshe ng'ombe asubuhi kabla hajala."

Nilijibu hivyo mpaka mwisho, moja baada ya nyingine, na kila jibu lilikuwa sahihi. Sikuitazama kompyuta hata mara moja. Alitia alama ya mwisho, akanyamaza kidogo, akavua miwani, akabonyeza. Neno la kijani likatokea. Dakika chache baadaye mvua ilishuka, na mtandao wa Sosiot ukapotea nayo, kwa hiyo hakuweza kwenda kwa mama wa vitunguu. Alisema ataenda kesho asubuhi.

Jumamosi, kabla sijamaliza chai, simu yangu ililia.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Kuja ofisini. Kuja sasa."

Nilipofika alikuwa ameketi mbele ya kompyuta na koti la mvua bado mwilini. Mtandao ulikuwa umerudi, na alikuwa ametoka kwa mama wa vitunguu. Hakuniuliza kitu. Alinyoosha kidole kwenye faili, pale ambapo mstari mtupu haukuwepo tena, nami nikavuta kiti. Tulirudisha mstari, tukasoma upya, akapakia. Safari hii hakuvua miwani.

Faili sahihi ilikuwa imeingia, lakini simu zilizofunguliwa asubuhi hiyo zilikuwa zimeshachukua ile mbaya. Tukaanza kupiga simu kwa kila mtu aliyekuwa kwenye kidaftari. Wazee wengi walicheka. "Kunywesha ng'ombe dawa ya kupe? Hata mtoto anajua!" Kila kicheko kilinipa nafuu kidogo. Halafu nikafika kwenye jina la mama wa Mulot. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, mteja hapatikani. Huyu hakuwa mzee wa kucheka. Huyu alikuwa ameniambia hataigusa dawa mpaka simu imwambie, na simu ilikuwa imeshamwambia.

Mwenye duka la chini alitoa gari lake dogo bila kuuliza maswali. Alimpigia daktari wa mifugo anayemjua upande wa Mulot. Daktari alikuwa mbali, kuelekea Narok, akasema anageuza. Tukatoka. Kericho, Litein, Kaplong, Bomet. Mimi nilikaa nyuma, nikipiga ile namba mpaka betri ikabaki kidogo. Mama Sekretari alikaa mbele na karatasi ya Ijumaa mkononi, ile yenye alama zake, kumi na nne ikiwa na alama safi ya kalamu ya bluu. Njia nzima nilijiambia, tukifika Litein nitasema. Litein tukaipita. Nikasema Bomet. Baada ya Bomet majani chai yalikwisha, mashamba ya mahindi na ngano yakaanza, na mimi bado nilikuwa nimekaa kimya. Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba.

Boma lake lilikuwa mbali kidogo na barabara. Tulimkuta amesimama katikati ya uwanja, mikono imeshika kichwa. Alikuwa na ng'ombe wawili. Mwekundu, yule wa maziwa, alikuwa amelala ubavu, povu mdomoni, akirusha miguu. Mweusi alikuwa bado amefungwa kwenye mti, chupa ya kunyweshea ikiwa chini karibu naye, imejaa.

"Harufu ilikuwa kali," mama yule alisema, akimtazama Mama Sekretari kama mtu anayeomba radhi. "Nikasema, mbona hii kitu inanuka hivi? Lakini nikasema, hawa wa ofisi wanajua. Huyo mweusi nimeshindwa kumpa. Huyu alianguka haraka."

Daktari alikuja, akafanya aliyoweza. Yule mwekundu alikufa kabla ya saa kumi. Mama Sekretari alipiga magoti kwenye matope na sketi yake ya kwenda mjini, akamshika mkono yule mama.

"Makosa ni yetu," akasema. "Si yako. Wewe umefuata vile tuliandika."

Alisema "yetu". Hakunitazama.

Jumatatu meneja wa Nairobi alitaka kujua ni nani hasa aliyekosea. Mama Sekretari aliandika mstari mmoja, nami niliuona kabla hajautuma: Tuliosoma tulikuwa wawili. Basi. Wiki mbili baadaye alimpeleka mtamba wake kutoka Mogogosiek hadi Mulot, ndani ya pikapu ya kukodi. Yule mama alipokataa kumpokea, alimwambia kwamba anamweka tu kwake, kama watu wa huku walivyozoea kuwekeana ng'ombe. Watu walimsifu kwa moyo wake. Mimi niliwasikia wakimsifu, nikainamisha kichwa, na sifa zile zilinichoma kuliko matusi.

Tangu wiki ile alibadilisha jinsi ya kusoma. Mara ya mwisho kabla ya kupakia, tulianza kutoka chini. Mstari wa mwisho kwanza, kisha unaoutangulia, mpaka juu kabisa. Hakueleza sababu. Vijana waliokuja baadaye walilalamika sana, wakasema ni mambo ya uzeeni, nami niliwaambia wanyamaze wasome. Ukianza kutoka chini, mdomo hauna wimbo wa kufuata, lazima utazame.

Nilifanya naye kazi miaka mingine minne, na sikusema. Kila alipovua miwani nilitaka kusema. Mwishowe macho yake ndiyo yalimtoa kazini. Presha ya macho, walisema hospitalini, na kila mwezi dunia ilizidi kumkaribia na kuwa nyembamba. Siku aliyoondoka alifuta neno la siri kwenye kitabu cha nyimbo kwa kifutio, akalikagua kwa kidole kama limetoka kweli.

Mwezi uliopita nilienda kumwona Mogogosiek. Nyumba yake iko kwenye mteremko, chai inaanzia mlangoni. Alinitambua kwa hatua.

"Chamgei," akanisalimu. "Bado unatembea kama mtu wa kudaiwa."

"Chamgei mising, Mama."

Alinipa mursik, yale maziwa ya kugandisha, kwenye kikombe cha bati, tukazungumza habari za ofisi. Nilimwambia siku hizi Kiswahili na Kipsigis vinajipeleka vyenyewe, hakuna mtu anayepakia kwa mkono. Akauliza, "Na nani anaangalia?" Nikapeleka kikombe mdomoni. Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya macho, kipya, kutoka hospitalini. Binti yake alikuwa hajarudi kutoka shambani, na alitaka kujua kimeandikwa nini.

Nikakisoma. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Kisitumike baada ya mwezi mmoja tangu kufunguliwa. Nilikiweka mezani.

"Mama, ile Ijumaa sikusoma. Nilikuwa natazama dirishani. Nilikujibu kwa kukumbuka tu. Na ule mstari, ni mimi nilifuta."

Hakushtuka. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, kwenye mwanga.

"Mstari sikujua," akasema. "Kusoma nilijua."

"Ulijua lini?"

"Hiyo Ijumaa. Mtu akisoma anakwama. Hata kidogo, mahali fulani lazima akwame. Wewe ulijibu yote kama nyimbo. Nikasikia, nikasema, huyu hasomi."

"Sasa mbona ulibonyeza?"

Huko chini wachuma chai walikuwa wanaitana.

"Yule wa Nairobi alikuwa amepiga mara tatu," akasema. "Na mvua ilikuwa inakuja. Nikajiambia, mara tatu tumesoma, inatosha. Nikavua miwani kama kawaida, nikabonyeza. Yule ng'ombe wa Mulot, mimi nilimpa hiyo dawa nikiwa nimesikia. Wewe hukuwa umesikia kitu."

Akajifuta macho kwa upande wa leso, na sijui kama ni machozi au ni ile presha.

"Miaka hii yote nimengoja useme," akasema, "ndio na mimi niseme. Kuanza, nilikuwa naogopa."

Nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Aliniacha nilie. Kisha mkono wake ukapapasa mezani, ukakipata kichupa, ukanisukumia.

"Haya, soma tena," akasema. "Anzia chini."

Nikakisogeza kwenye mwanga, nikaanza na mstari wa mwisho, maandishi yalikuwa madogo sana, na nilikwama.